Kope za Rula

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Katika banda lile la kupaka rangi mabasi wote walimwita Rula, na hawakumwita hivyo bure. Mpe basi ambalo rangi yake imekauka, mpe brashi yake ya nywele ndefu na kikopo, kisha kaa pembeni utazame. Ataanzia kwenye tairi la mbele, kidole chake kidogo kikiegemea bati, atatembea kwa ubavu mpaka tairi la nyuma bila kusita, na huko alikopita ataacha mstari mmoja mwembamba ambao hata ukilaza kichwa kwenye bati na kufumba jicho moja hutaona ulipoyumba. Mafundi wa mabanda mengine hubandika tepu, wakapaka, wakabandua. Rula akisikia neno tepu husonya.

Alijivuna, na hakuna haja ya kumsingizia unyenyekevu asiokuwa nao. Alikuwa mwanamke peke yake katika banda lililojaa wanaume, na wateja walikuja wakiulizia mkono wake. Nani asingevimba kichwa kidogo?

Kazi alifundishwa na kaka mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa banda. Nyumbani alimwita Baba Mkubwa, kazini alimwita Mkuu, na akipandwa na hasira majina hayo humchanganyikia. Mzee huyo alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizizidi zote: anayevuta mstari hapepesi macho. Ukipepesa, alisema, mkono unaachwa peke yake gizani, na mkono ulioachwa peke yake una mambo yake.

Kwa hiyo mstari wa basi ulikuwa na desturi yake. Kazi zote zinasimama. Mashine ya upepo wa kupulizia rangi inazimwa. Mkuu anakwenda kusimama kwenye tairi la nyuma, miwani yake mikubwa puani, akimkabili mvutaji. Hatazami brashi, anatazama macho. Ukifumba hata mara moja anapiga kofi moja kwa viganja vyake, na hapo umekwisha: mstari unafutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na unaanza upya mbele ya kadamnasi. Wanaume wenye vifua vyao walishatokwa na jasho la aibu pale. Rula hakuwahi kupigiwa kofi, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Basi macho hayohayo aliyojivunia ndiyo yaliyoanza kumgeuka. Asubuhi aliamka kope zimegandana, akawa anazibandua kwa vidole kama mtu anayefungua bahasha. Kingo zake zilikuwa nyekundu, zimevimba, na penye mizizi ya nywele za kope palijaa maganda madogo madogo mithili ya pumba. Mchana alihisi mchanga ndani ya macho. Na kilichomshangaza zaidi ni kwamba macho hayo yaliyomchoma kwa ukavu yalimwaga machozi kutwa, bila huzuni wala kitunguu.

Banda halikumwonea huruma. Alikuwapo kijana mmoja wa kusugua mabati, waliyemwita Msasa kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya ulimi wake.

"Dada Rula, pole," alimwambia kila asubuhi. "Leo amefariki nani?"

Utani wa Msasa aliuzoea. Kilichomuuma ni siku mteja alipoyaona macho yale mekundu na kuuficha mkono wake nyuma, asije akaambukizwa. Rula alibaki na mkono wake hewani, akajifanya anafukuza nzi.

Tangu hapo alijaribu kila kitu isipokuwa kutulia. Alinunua dawa ya matone ya dukani iliyoyafanya macho meupe kwa muda mfupi, kisha yakarudi mekundu kuliko mwanzo. Aliyaosha kwa chai ya rangi kwa ushauri wa jirani. Alivaa miwani ya jua ndani ya banda mpaka siku moja akachanganya buluu na nyeusi. Mara kwa mara alikwenda zahanati akapewa dawa ya kupaka, na kweli ilisaidia, lakini macho yakitulia tu tyubu ilikwenda kulala kwenye droo, na baada ya muda maganda yalirudi. Miaka ikapita hivyo.

Baba Mkubwa yeye alikuwa na maelezo yake tayari. "Hayo umeyatoa upande wa mama yako," alisema. "Kwetu sisi hatuna macho ya maji."

Siku mambo yalipoharibika kabisa, Rula alikuwa anavuta mstari wa kijani kwenye basi la shule. Alifika katikati vizuri. Kisha macho yakaanza kuwaka, naye akajikaza, hakufumba. Alipokaribia tairi la nyuma machozi yalimjaa, bati likawa ukungu mtupu, na mkia wa mstari ukapinda. Mkuu hakupiga kofi, maana macho hayakuwa yamefumbwa. Alisogea, akautazama ule mkia, akamnyang'anya brashi taratibu.

"Mwisho wa mwezi kampuni moja ya mabasi inaleta basi jipya," alisema, na banda zima likasikia. "Ukija na macho hayo, mstari atavuta Msasa. Wewe utashika kazi yake ya kusugua."

Rula alivua aproni akaenda zake. Alilia njiani, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli, ila kwa bahati nzuri hakuna aliyeweza kuyatofautisha.

Kesho yake alikwenda hospitali yenye daktari wa macho. Daktari alikuwa mwanamama mwembamba, si mwenye maneno mengi. Alimkalisha mbele ya mashine, akamweka kidevu kwenye kibao, akamulika ukingo wa kope moja baada ya nyingine.

"Ndani ya ukingo wa kope kuna vitezi vya mafuta," alisema. "Vyako vimeziba. Mafuta hayatoki, kwa hiyo machozi yanakauka kabla ya wakati wake."

"Daktari, nachuruzika machozi kutwa, wewe unaniambia nimekauka?"

"Jicho likikauka linachoma. Likichoma linajimwagia maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo hayakai, yanapita tu shavuni."

"Yanaambukiza?"

"Hapana. Mpe mkono yeyote unayemtaka."

Hilo pekee lilitosha kumnyoosha mgongo. "Sasa nitapona lini?"

Daktari alizima taa ya mashine. "Nisikudanganye, mama. Huu si ugonjwa wa kumaliza dozi ukasahau. Ukiuhudumia kila siku utatulia. Ukiuacha utarudi. Utaishi nao, lakini wewe ndiye utakayeutawala."

Mwingine angevunjika moyo. Rula alifikiri juu ya brashi yake. Brashi ya nywele ndefu huisafishi mara moja ukasema basi. Unaisafisha kila jioni, unyoya kwa unyoya, la sivyo kesho unashika fimbo. Hajawahi kuidai brashi ipone. Kumbe kope ni kazi kama kazi nyingine, na kazi yeye hakuwahi kuikimbia.

Akiwa na maagizo ya kukanda kope kwa maji ya moto, alirudi nyumbani akamweleza mumewe, ambaye alikuwa mpishi wa shule ya bweni na mtu wa maneno.

"Amesema una macho makavu?" mumewe aliuliza. "Hilo mimi nilimwambia mama yangu kabla sijakuoa."

"Chemsha maji, bwana wee."

Alichemsha. Tangu siku hiyo mke na mume walikuwa na ibada yao jikoni kabla ya kwenda kazini. Mumewe aliyajaribu maji kwa kifundo cha mkono, yawe moto wa kuvumilika. Rula alinawa, akachovya kitambaa safi, akakikamua, akakilaza juu ya macho yaliyofumbwa. Kikipoa anakichovya tena. Mafuta yakishalainika huzikanda kope kwa ncha ya kidole, ya juu akiishusha, ya chini akiipandisha, kuelekea kwenye nywele. Kisha pamba yenye maji safi ya vuguvugu kwenye mizizi, kila jicho na pamba yake, maganda yatoke bila kukwanguliwa. Mwisho matone ya machozi ya bandia, siyo yale ya dukani ya kung'arisha bali haya aliyoandikiwa na daktari.

"Wali wa shule nzima unaiva haraka kuliko kope zako," mumewe alilalamika, lakini maji hayakuwahi kukosekana.

Siku za mwanzo hakuona mabadiliko, akanuna, akataka kukitupa kitambaa. Hakukitupa. Polepole maganda yakapungua, uvimbe ukashuka, na asubuhi moja aliamka akakuta macho yamefumbuka yenyewe. Alibaki kitandani akitazama dari kwa furaha tupu, dari lenyewe halina hata kitu cha kutazama. Hapo ndipo zamani angeirudisha dawa kwenye droo. Safari hii aliinuka akaenda jikoni kuweka birika motoni, na kitendo hicho kidogo kilimpa fahari kuliko mabasi mengi aliyoyapitia.

Lakini mstari ulikuwa bado. Alipojaribu kuvuta kwenye ubavu wa gari bovu nyuma ya banda, macho yalianza kuwaka katikati, na mwisho ukaja ukungu uleule. Alirudi kwa daktari amefura, kama mtu aliyeuziwa kiatu kibovu.

"Hebu nionyeshe unavyofanya," daktari alisema.

Rula alitoa brashi kwenye mkoba, ikiwa kavu, akasimama kwenye korido. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walivuta miguu. Alitembea kwa ubavu kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho, brashi ikigusa ukuta, macho yameganda.

"Mama," daktari alisema, "hukupepesa hata mara moja."

"Ahsante," Rula alijibu.

"Sikukusifu."

Daktari alimweleza kwamba kope zikishuka ndizo zinazokamua mafuta na kuyatandaza juu ya jicho. Asubuhi anazisafisha vizuri, halafu kazini anazinyima ruhusa ya kufanya kazi yake. "Mstari siujui," daktari alisema. "Huo ni wako. Ninachojua ni kwamba jicho lisilofumba litakauka, hata ulikande vipi."

Rula alirudi nyumbani kichwa kimemjaa. Kupepesa ndiyo aibu aliyoikwepa maisha yake yote ya kazi. Alijiona kama anashauriwa kuiba. Hata hivyo aliegemeza bati kuukuu kwenye ukuta wa uani akaanza. Mistari ya kwanza ilikuwa vituko. Kila akifumba mkono ulishtuka. Alifuta, akavuta, akafuta. Kisha akagundua kosa lake: alikuwa anafumba kwa woga, mabega yamepanda. Akajifunza kufumba pale mguu unapotua, kwa ukamilifu, juu ikutane na chini, bila haraka. Na alipofanya hivyo aligundua jambo ambalo banda zima halikuwa likilijua. Mkono haukuachwa peke yake. Kidole kidogo kilikuwa kwenye bati, mguu ulikuwa chini, na mstari ulikuwa umekwisha kuamuliwa kabla kope hazijashuka. Mwanzoni hakuamini. Mumewe alilaza kichwa kwenye bati, akafumba jicho moja, akatafuta walau mahali pamoja pa kumtania, akakosa.

Rula hakutaka kufanya kwa kificho, kwa hiyo alimfuata mzee kabla ya siku ya basi na kumweleza yote, vitezi, mafuta, maji ya moto, kope, mguu unapotua.

"Kwenye banda langu?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Ndiyo, Mkuu. Kwenye banda lako."

"Daktari wako amewahi kushika brashi?"

"Hajawahi. Mimi ndiye nimeshika."

Mzee alivuta pumzi kwa pua. "Basi umejitakia mwenyewe. Kofi langu liko palepale."

Basi jipya lililetwa, refu, jeupe, linang'aa mpaka linaumiza. Mwenye kampuni alisimama mlangoni na funguo mkononi. Mashine ya upepo ilizimwa. Msasa alishakaa karibu na kikopo cha rangi, brashi nyingine mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote; mstari ule angeutaka, lakini si kwa namna hiyo. Rula alitia matone yake mbele ya watu wote, akasubiri yatulie, akachovya brashi. Kule mwisho, kwenye tairi la nyuma, Mkuu alikuwa amesimama na mikono yake tayari kifuani.

Akagusa bati, akaanza. Mguu ulipotua, alifumba macho kikamilifu, akafumbua.

Kofi lilipasuka ndani ya banda.

Kwa desturi, hapo unasimama. Hakuna aliyewahi kupita kofi, na watu walikwisha kuinama kutafuta kitambaa cha mafuta ya taa. Rula hakusimama. Mkono uliendelea, kidole kiliendelea, mguu wa pili ukatua, na macho yakafumba tena mchana kweupe. Kofi la pili likaja, kali kuliko la kwanza. Akaendelea. Kila alipopepesa mzee alipiga, na kila mzee alipopiga yeye alipiga hatua, mpaka ikawa kama anapigiwa makofi ya kukaribishwa jukwaani. Msasa alianza kucheka chini chini, akashindwa kujizuia. Rula alihisi macho yake yakiwa baridi na mepesi, bati likionekana lote, mpaka kichwa cha kila skrubu, na alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakikuwa na jina jingine zaidi ya fahari. Alifika kwenye tairi la nyuma, akainua brashi. Yeye na baba yake mkubwa walikuwa wametazamana, hawajaachana hata hatua.

Mzee alichukua kitambaa cha mafuta ya taa.

"Futa, Baba Mkubwa," Rula alisema. "Lakini kwanza nionyeshe palipopinda, Mkuu."

Mzee alivua miwani, akalaza kichwa kwenye bati, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo. Akainuka, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akakilaza kichwa tena upande wa pili. Akajifuta tena. Mwenye kampuni aliacha kuchezea funguo.

Rula aliinama karibu naye ili aonyeshwe kosa lake, na hapo ndipo alipouona uso ule kwa karibu bila miwani. Kwa miaka yote alikuwa ameutazama kutoka mwisho mwingine wa mstari, ukiwa nyuma ya miwani. Kingo za kope zilikuwa nyekundu, nene, zimechakaa. Nywele nyingi za kope zilishang'oka. Na kwenye mizizi ya zilizobaki kulikuwa na maganda. Machozi yalimteremka mzee kwenye mikunjo ya pua na hakuwa akilia. Mtu huyu aliacha kuvuta mistari zamani, akasema ni mgongo.

"Sema wewe," mzee alinong'ona, ili mwingine asisikie. "Mimi siuoni. Umenyooka?"

Hasira yote ilimwisha Rula pale pale. Aliutazama mstari wake kutoka tairi hadi tairi, bila haraka, akipepesa kila alipotaka.

"Umenyooka, Baba Mkubwa."

Mzee alikitupa kitambaa kwenye pipa. "Umenyooka," aliwaambia wote kwa sauti ya mkuu wa banda, na mwenye kampuni akaja na mkono wake umetangulia, akampa Rula, akautikisa. Msasa alimrudishia kikopo chake cha rangi kwa mikono miwili.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee alibaki ameshika miwani yake, akiigeuza geuza. "Hayo maji," alisema, "yanakuwa moto kiasi gani?"

Rula angeweza kumkumbusha habari za upande wa mama yake. Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Alikwenda kuchukua chupa ya maji ya moto aliyokuwa akija nayo kila siku kwa kukanda kope mchana, na kitambaa kipya ambacho hakijatumiwa na mtu, akapindua ndoo tupu ya rangi karibu na basi, mahali ambapo kila mmoja angeweza kuwaona.

"Ya kuvumilika," alisema. "Kaa nikuonyeshe."

Mzee alitazama huku na huku, akaketi. Kisha akafumba macho mbele ya banda zima, na Rula akaenda kunawa mikono.